Siti mia moja: stati ya ziada inakokwenda katika World of Warcraft Classic

Chukua Warrior, mpiganaji wa kabila la Human, leveli 60, panga kila mkono, na mavazi yanayompa shabaha (stati inayopunguza mapigo ya kukosa) ya asilimia 6. Mbele ya bosi aliyewekewa fuvu badala ya namba ya leveli, mapigo yake maalumu hayakosi hata moja. Siku moja anaokota shoka lenye uharibifu mkubwa kuliko panga lake la mkono wa kulia, analishika kwa furaha, na pambano linalofuata mapigo matatu katika kila mia yanapita hewani. Hajavua kitu chenye shabaha. Ukurasa wa mhusika bado unasoma 6. Kilichobadilika ni aina ya silaha tu, na ile 6 iliyokuwa imejaa hadi ukingoni sasa ina upungufu.

Ndiyo maana swali la "shabaha ngapi inatosha?" halina jibu la namba moja. Katika gemu hili, lililotoka Novemba 2004 na kurudishwa kwa sura yake ya zamani Agosti 2019, hakuna stati, yaani sifa ya mhusika inayopimwa kwa namba, iliyo ya ziada yenyewe kwa yenyewe. Ziada huja pale unachoongeza kinapokosa pa kukaa, na pa kukaa panategemea pigo, silaha, adui, na hata upande wa bosi uliosimama.

Pengo la pointi 15

Bosi wa reidi kubwa (pambano la kundi zima la wachezaji), Ragnaros kwa mfano, huhesabiwa kuwa wa leveli 63. Kila leveli moja ni pointi 5 za ulinzi, kwa hiyo ana 315. Mchezaji wa leveli 60 hufikisha ustadi wa silaha 300. Pengo ni 15, na pengo hilo ndilo mzizi wa hesabu zote zinazofuata.

Pengo likiwa 10 au chini, nafasi ya kukosa ni asilimia 5 jumlisha 0.1 kwa kila pointi. Likizidi 10, kila pointi ya pengo zima hugharimu 0.2. Hivyo mwenye ustadi 300 hukosa mara 8 katika mia. Juu ya hapo kuna adhabu ya pili ambayo wengi hawaioni: pengo likivuka 10, asilimia 1 ya kwanza ya shabaha kutoka kwenye mavazi humezwa bila kufanya kazi. Kwa hiyo anahitaji 9 ili kufuta 8. Mwenye ustadi 305 ana pengo la 10 kamili, anakosa mara 6, na hamezwi kitu. Pointi tano za ustadi zimemwokolea asilimia tatu za shabaha.

Human huzaliwa na pointi 5 za panga na rungu, Orc ana 5 za shoka. Yule Warrior wetu alipobadili silaha alirudi 300: katika shabaha yake 6, moja ikamezwa, tano zikabaki, na nane kutoa tano ni tatu. Hapo ndipo yalipotoka yale mapigo matatu.

Ustadi wa silaha nao una ziada yake. Kila pigo la kawaida la silaha dhidi ya bosi wa 63 lina nafasi ya asilimia 40 ya kuparaza, yaani kugusa bila kuingia sawasawa. Huwezi kuipunguza hiyo 40 kwa njia yoyote. Unachoweza kupunguza ni hasara yake: kwa ustadi 300 pigo la kuparaza hufikisha wastani wa asilimia 65 ya nguvu, kwa 305 hufika 85, kwa 308 hufika 95, na hapo linasimama. Sasa mfikirie Human wa panga anayemwaga dhahabu zake zote sokoni kununua Edgemaster's Handguards, glavu zinazoongeza ustadi 7 wa shoka, kisu na panga na karibu hazina kingine cha maana kwa mpigaji. Kutoka 305 anafika 312. Pointi tatu za kwanza zinamfikisha 308. Nne zilizobaki zinamletea sehemu ya kumi ya asilimia hapa na pale. Glavu zilezile kwa Night Elf mwenye panga ni habari nyingine kabisa, maana yeye anatoka 300 hadi 307 na kila pointi inamfanyia kazi.

Gari la siti mia

Ili kuelewa kriti (pigo lenye uharibifu maradufu) inavyopotea, fikiria daladala yenye siti mia moja hasa. Kila unapopiga pigo la kawaida la silaha, ambalo wachezaji huliita pigo jeupe kwa sababu ya rangi ya namba yake, kompyuta hutupa kete moja tu kati ya 1 na 100 na kuangalia ni siti ya nani. Abiria hupanda kwa foleni isiyobadilika: kwanza kukosa, kisha kukwepwa, kupanguliwa, kuparaza, kukingwa kwa ngao, halafu kriti, na mwisho kabisa pigo la kawaida. Kila mmoja huchukua siti zake kamili kabla wa nyuma yake hajaingia. Gari likijaa, limejaa. Konda hana "sogeeni kidogo".

Kwa mpiga silaha mbili kuna abiria mzito zaidi: kukosa huongezeka kwa asilimia 19 kwenye mapigo meupe. Human wetu mwenye mapanga, ustadi 305, shabaha 6, amesimama nyuma ya bosi ambako hakuna kupanguliwa wala kukingwa, ana gari hili:

kukosa: 6 + 19 − 6 = siti 19
kukwepwa: siti 6
kuparaza: siti 40
zilizobaki: siti 35

Hizo 35 ndizo zote walizobakiziwa kriti na pigo la kawaida. Hapo kwanza kuna kipimo kimoja cha kurekebisha: dhidi ya bosi wa 63 kriti inayoonekana kwenye ukurasa wako hukatwa asilimia 4.8 kabla ya kupanda gari. Kwa hiyo kriti yake ya mwisho yenye faida kwenye mapigo meupe ni 35 + 4.8, yaani 39.8 kwenye ukurasa.

Utasema 39.8 ni nyingi, nani anafika huko? Akiwa peke yake mjini labda ana 28. Lakini reidi haiendwi peke yake. Baraka ya muda ya kichwa cha joka Onyxia inampa kriti 5. Ua la Songflower linampa 5 nyingine na agility (wepesi) 15. Dawa ya Elixir of the Mongoose ni kriti 2 na agility 25. Druid wa kundi lake analeta 3. Kwa Warrior, agility 20 ni kriti moja, hivyo zile 40 ni 2. Jumla 17 zimeingia, na ukurasa unasoma 45. Asilimia 5.2 zimebaki mlangoni zinaning'inia. Aliyehesabu mavazi yake akiwa mjini hakuziona, maana mjini alikuwa na siti tupu.

Akigeuka akasimama mbele ya bosi ni balaa: kupanguliwa kunachukua siti 14 na kukingwa 5, na nafasi ya kriti inaporomoka kutoka 35 hadi 16. Hakuna vazi litakalomlipa hasara ya miguu iliyosimama mahali pabaya.

Kriti iliyobaki mlangoni

Sasa hesabu inayofaa kushikwa kwa kalamu. Tumpe pigo la kawaida thamani 1, kriti 2, kuparaza 0.85. Warrior mwenye 45 za kriti na 6 za shabaha hana pigo la kawaida hata moja kwenye gari lake. Siti zote 35 ni kriti. Mapigo mia yanampa 40 × 0.85 + 35 × 2 = 104.

Mpe abadilishe kriti 2 kwa shabaha 2. Kukosa kunashuka hadi 17, nafasi inapanuka hadi 37. Kriti ya ukurasa ni 43, ukitoa 4.8 ni 38.2, bado inazidi 37. Siti zote 37 zinajaa kriti: 34 + 74 = 108. Ameacha kriti 2 na uharibifu wa mapigo meupe umepanda karibu asilimia 4. Abadilishe hadi 2.6: nafasi 37.6, kriti 37.6, jumla 109.2. Akiendelea hadi 3 anapata 109.2 ileile. Faida imekauka.

Kwa nini 2.6 hasa? Ni nusu ya 5.2. Kila asilimia moja unayohamisha inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inapunguza abiria mmoja wa mlangoni na inafungua siti moja ndani. Kriti ikiwa juu ya kikomo chake, shabaha moja hugeuza pigo lililokosa, thamani 0, kuwa kriti, thamani 2. Ikiwa chini ya kikomo, shabaha moja hugeuza 0 kuwa 1, na kriti moja hugeuza 1 kuwa 2, zinalingana. Watu wanaobishana mitandaoni kama shabaha ni bora kuliko kriti mara nyingi wote wako sahihi, ila wanaongelea magari mawili tofauti.

Mapigo ya njano hayapandi gari hilo

Mapigo maalumu, yale ya namba za njano kama Bloodthirst ya Warrior na Sinister Strike ya Rogue, yana utaratibu wake. Hayana adhabu ya 19 hata ukishika silaha mbili, hayaparazi, na hutupiwa kete mbili: ya kwanza inaamua kama pigo limefika, ya pili inaamua kama ni kriti. Kete ya pili haijali siti zilizobaki. Kwa hiyo kriti ileile iliyopotea kwenye mapigo meupe inafanya kazi yote kwenye ya njano, na shabaha inayozidi 6, au 9 kwa mwenye ustadi 300, ambayo mapigo meupe yanaililia, huku haina kazi kabisa.

Hapa ndipo ushauri wa "fikia kikomo kisha sahau shabaha" unapochanganya watu. Kikomo hicho ni cha njano. Kwa mapigo meupe ya mwenye silaha mbili na ustadi 305, kukosa kote kungeisha kwenye shabaha 25, na kati ya 6 na 25 kila asilimia bado inalipa, kidogo au sana kulingana na kriti ilivyojaa. Kwa Warrior wetu, kuhamisha zile 2 kunapandisha mapigo meupe karibu asilimia 4 lakini kunashusha ya njano kama asilimia 1.4, na zaidi kidogo akiwa na kipaji (uwezo wa kudumu unaouchagua kwa pointi za vipaji) cha Impale kinachoongeza nguvu ya kriti za mapigo maalumu. Nani anashinda inategemea mgawanyo wa uharibifu wake. Rogue wa mapanga, ambaye sehemu kubwa ya uharibifu wake ni mweupe, anavuna zaidi. Warrior mwenye hasira (nguvu anayolipia mapigo maalumu) ya kutosha kubonyeza Heroic Strike kila pigo la mkono wa kulia anavuna kidogo, kwa sababu mapigo yale meupe ya mkono wa kulia yamegeuzwa kuwa ya njano.

Kuna na ujanja mmoja wa Classic unaotokana na hilo: Heroic Strike ikiwa imewekwa foleni, pigo la mkono wa kushoto linalotoka wakati huo halitozwi ile adhabu ya silaha mbili. Warrior mzoefu huiweka foleni, huacha mkono wa kushoto upige, kisha huifuta kabla ya mkono wa kulia kama hasira haitoshi. Anayefanya hivyo sawasawa amepunguza hitaji lake la shabaha bila kuvaa chochote.

Vipaji navyo huingia kabla ya mavazi. Rogue mwenye Precision ana shabaha 5 tayari, na mwenye Weapon Expertise ana ustadi 5 wa panga, kisu na silaha za ngumi. Akiwa na vyote viwili anahitaji asilimia 1 tu kutoka kwenye mavazi ili mapigo yake ya njano yasikose. Hunter mwenye Surefooted ana 3, zimebaki 6. Warrior hana kipaji cha shabaha. Ukinakili orodha ya mavazi ya Warrior ukamvalisha Rogue, umemjazia kitu ambacho alikwisha kukilipia kwa pointi za vipaji.

Upande wa anayepigwa

Bosi naye anapompiga tanki, mchezaji anayewapokelea wenzake mapigo, hutumia gari lilelile la siti mia, ila abiria wengine: kukosa, kukwepwa, kupanguliwa, kukingwa, kriti, pigo la kuponda, kisha pigo la kawaida. Kuponda ni asilimia 150 ya uharibifu, na adui anayekuzidi leveli tatu hulipata mara 15 katika mia.

Kriti ya bosi ni asilimia 5.6. Kila pointi ya ulinzi juu ya 300 huipunguza kwa 0.04, na 140 mara 0.04 ni 5.6 kamili. Ndiyo asili ya ile 440 inayotajwa kila mahali. Ila 440 ni kikomo cha kriti peke yake. Pointi ya 441 bado inaongeza 0.04 kwa bosi kukosa, kwa kukwepa, kwa kupangua na kwa kukinga, ilimradi siti zipo.

Na hapo Warrior ana silaha yake: Shield Block, inayoongeza kukinga kwa asilimia 75. Tanki mwenye ulinzi 440 hukoswa na bosi mara 10. Tuseme ukurasa wake unasoma kukwepa 12, kupangua 12, kukinga 15, na kila kimoja kati ya hivyo vitatu hukatwa 0.6 mbele ya bosi. Jumla ni 10 + 11.4 + 11.4 + 89.4, yaani 122.2. Gari limejaa na kufurika. Si kriti wala kuponda aliyepata pa kukanyaga. Tanki huyohuyo akiwa na ulinzi 380 bado angefurika wakati Shield Block iko juu. Ndiyo sababu matanki wengi wa Classic waliokuwa na waponyaji wazuri waliacha kuifukuza 440 wakavaa mavazi ya kupiga, ili wamshike bosi asiwakimbilie wapigaji. Ni uamuzi wenye akili, lakini unategemea kidole kisichochelewa: Shield Block ina mapumziko ya sekunde 5 na huisha ikisha kukinga, hivyo bosi mwenye mikono ya haraka atapata upenyo.

Toleo la Burning Crusade, la Januari 2007, liliwapa matanki namba nyingine: 102.4. Ni jumla ya kukoswa, kukwepa, kupangua na kukinga, zile 2.4 ni 0.6 mara nne anazokata bosi wa leveli 73. Juu ya hapo, foleni ndiyo inayoamua kipi ni ziada. Kukwepa kukiongezeka kunamsukuma kukinga nje, na pigo lililokwepwa halina uharibifu wowote, kwa hiyo bado ni faida. Kukinga kukiongezeka hakumsukumi yeyote, kwa kuwa nyuma yake hakuna tena aliyebaki.

Siti moja isiyouzwa

Wapiga uchawi wana hesabu fupi. Dhidi ya bosi wa 63 uchawi hufika mara 83 katika mia, na gemu haliruhusu zaidi ya 99. Shabaha yenye kazi ni 16; ya 17 haipo. Mage mwenye Elemental Precision ana 6 za barafu na moto, zimebaki 10. Shadow Priest mwenye Shadow Focus ana 10, zimebaki 6. Warlock ndiye anayeteleza: kipaji chake cha Suppression ni cha uchawi wa Affliction, wakati Shadow Bolt ni ya Destruction. Anayejihesabia 10 za bure wakati anarusha Shadow Bolt usiku kucha amejipunja.

Dhidi ya mchezaji mwenzako wa leveli 60 uchawi hukosa mara 4 tu, na ile moja ya mwisho haiondoki, kwa hiyo shabaha 3 inamaliza kazi. Silaha hukosa mara 5. Mavazi ya reidi kwenye uwanja wa vita yamebeba stati nyingi isiyo na pa kukaa, na hilo hueleza kwa nini mtu mwenye mavazi ya bei hupigwa na mwenye mavazi ya kawaida yenye stamina.

Pointi zinazochakaa

Kuanzia Burning Crusade stati hizi ziliandikwa kwa pointi badala ya asilimia, na thamani ya pointi hushuka kadiri leveli inavyopanda. Asilimia 1 ya shabaha ya silaha ni pointi 10 ukiwa 60, pointi 15.77 ukiwa 70, na 32.79 ukiwa 80. Mtu aliyemaliza Burning Crusade na pointi 142, ambazo zilikuwa asilimia 9 kamili, alifika 80 katika Wrath of the Lich King akiwa na 4.33. Hakuvua kitu.

Wrath pia ilifundisha somo la masalia. Expertise, stati inayopunguza kukwepwa, ilihitaji pointi 8.2 kwa uniti moja, kila uniti ni 0.25, na kukwepwa kwa bosi ni 6.5, yaani uniti 26. Lakini gemu lilihesabu uniti nzima tu. Mwenye pointi 212 ana uniti 25.85 kwa kikokotoo, na 25 kwa gemu. Pointi saba za mwisho zimelala. Alihitaji mbili zaidi, 214, ili ziamke. Anayesimama nyuma ya bosi huishia hapo. Tanki aliye mbele anaendelea kufaidi mpaka uniti 56, kwa sababu kupanguliwa ni asilimia 14.

Mwaka 2010 wachezaji walipewa njia ya kuhamisha asilimia 40 ya stati moja ya vazi kwenda nyingine, na mchezo ukageuka kazi ya uhasibu: kila vazi jipya lilimaanisha kukokotoa upya yote ili kutua juu ya kikomo. Mwaka 2014, na Warlords of Draenor, shabaha na expertise zikaondolewa kabisa. Gemu la sasa lina vikomo laini. Tangu Shadowlands ya 2020, kriti, kasi na stati nyingine za pembeni zinazotoka kwenye pointi hulipa kamili hadi asilimia 30. Kati ya 30 na 39 zinakatwa sehemu ya kumi, kati ya 39 na 47 sehemu ya tano, na kuendelea hivyo. Hakuna tena kinachobaki mlangoni ghafla, ila nauli inapanda kila kituo.

Gemu linalotunza ziada

Si kila gemu hutupa kilichozidi. Path of Exile, ya mwaka 2013, huweka kikomo cha ukinzani wa moto, baridi na radi kwenye asilimia 75, na hukukata 30 ukimaliza sura ya 5 na 30 nyingine ukimaliza ya 10. Kwa hiyo unahitaji 135 kwenye mavazi ili usome 75. Lakini ukiwa na 165, zile 30 za juu hazipotei: zinakaa stoo. Laana inayokukata 30 inakata kwenye 165, unabaki na 135 na unaendelea kusoma 75. Mwenzako mwenye 135 kamili anashuka hadi 45, na badala ya kupokea 25 katika kila mia ya moto anapokea 55, zaidi ya mara mbili. Kule ziada ni akiba. Katika Classic ni nauli iliyolipwa bila safari. Anayehama gemu moja kwenda lingine na kanuni zilezile kichwani huharibu mavazi yake kwa uaminifu kabisa.

Kupima kabla ya kuvua

Anza na adui, kisha silaha za mikono yote miwili kila mmoja peke yake, maana ustadi wa mkono wa kushoto unahesabiwa kivyake. Ondoa vipaji, ndipo uone mavazi yanadaiwa shabaha ngapi kwa mapigo ya njano. Kisha jiwekee baraka, dawa na wenzako wa kundi kama mtakavyokuwa siku ya reidi, na ukokotoe: 100 kutoa kukosa, kutoa kukwepwa (6 kwa ustadi 305), kutoa 40 za kuparaza, jumlisha 4.8. Kriti ya ukurasa ikizidi jibu hilo, gawanya tofauti kwa mbili. Hicho ndicho kiasi cha juu cha kuhamishia kwenye shabaha kwa faida ya mapigo meupe.

Angalia seti kabla ya kubadili kipande. Glavu na suruali za Devilsaur hutoa shabaha 2 zikiwa pamoja tu. Suruali mpya yenye kriti 2 inaonekana bora kwenye skrini ya kulinganisha, lakini ukiivaa umepoteza zile 2 kwa mkupuo, na kama ulikuwa na 6 kamili, mapigo ya njano yameanza kukosa.

Mwisho thibitisha kwa kumbukumbu ya pambano, inayowashwa kwa amri ya /combatlog, ila usiharakishe. Mtu mwenye upungufu wa asilimia 3, kama yule wa shoka, ana nafasi ya asilimia 22 hivi ya kupiga mapigo 50 bila kukosa hata moja na kuamini kuwa yuko salama. Kwa mapigo 200 nafasi hiyo haifiki nusu ya asilimia. Hesabu mapigo ya njano peke yake, dhidi ya mabosi wenye fuvu peke yao, na mkono uleule.